Panda mtapo, uwarithishe wajukuu

WAHENGA walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika bustani za miji yetu, hata hivyo, wageni wamekuja wengi mno hata mwenyeji akasahaulika. Jakaranda inayopamba barabara za Nairobi kila Oktoba asili yake ni Amerika Kusini. Boganvilia ya langoni ilitoka huko huko. Kayaba, ambayo wengi wetu hutumia kama ua la kuzuia wezi, ni ya kusini mwa Afrika. Na ule mmea mfupi wenye majani kama ya mnazi unaouzwa kandokando ya barabara kwa jina la saikas, ambao watu hununua kwa pesa nyingi na kuuweka mlangoni uonekane na wageni, ulitoka Japani.

Ajabu ni kwamba ndugu zake huyo wa Japani wako hapa hapa Kenya, tena ni wakubwa na wa kupendeza zaidi. Wako Shimba Hills, wako Taita, wako milima ya Samburu. Wengi wetu hatuwajui. Baadhi ya wanaowajua huenda wakawang'oa usiku na kuwauza.

Tangu tuandike juu ya miti ya kienyeji inayofaa nyumbani, wasomaji kadhaa wametuuliza kama inawezekana kupanda mtapo katika ploti ya mjini, na kama kufanya hivyo hakukiuki sheria. Jibu la swali la kwanza ni ndiyo. Jibu la swali la pili linategemea mahali ulipoutoa. Juma hili tutayajibu yote mawili kwa kirefu.

MITAPO YETU

Pwani, jina mtapo hutumiwa kwa mimea ya jamii hii, ambayo wataalamu huiita saikadi. Kenya ina aina kadhaa.

Aina inayojulikana zaidi ni Encephalartos hildebrandtii. Ilipewa jina hilo katika mwaka wa 1874 kwa heshima ya Johann Maria Hildebrandt, Mjerumani aliyekuwa akizunguka Afrika Mashariki akikusanya mimea. Huu ndio mtapo wa misitu ya Pwani: Shimba Hills, Arabuko-Sokoke na misitu ya kaya za Wamijikenda, ambayo mwaka wa 2008 iliwekwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Aidha, hupatikana Tanzania. Shina lake laweza kufika mita 6 na jani moja laweza kupita mita 2.

Aina ya pili ni Encephalartos kisambo. Jina kisambo ni la Kitaita, na wataalamu walilichukua walipoutangaza mmea huu kwa dunia mwaka wa 1989. Makao yake ni vilima vya Maungu, karibu na Voi, kule juu ambako ukungu hutua asubuhi ilhali chini ni nyika kavu. Umo katika orodha ya mimea iliyo hatarini kutoweka.

Aina ya tatu ni Encephalartos tegulaneus wa milima ya Mathews na mlima Ololokwe katika Samburu. Huu ni jitu. Anayepanda Ololokwe hukutana nao akikaribia kilele, umesimama kati ya mawe kama mzee mwenye nywele nyingi.

Upande wa kusini, karibu na mpaka wa Tanzania, kuna pia Encephalartos bubalinus. Halafu kuna mtapo mwingine wa Pwani, Cycas thouarsii, ulio wa ukoo mmoja na yule saikas wa Japani. Mbegu zake zaweza kuelea baharini, na ndiyo sababu unapatikana pia Madagaska na Visiwa vya Ngazija.

SI MNAZI WALA SI MTENDE

Ukiutazama kwa mbali utadhani ni mnazi mfupi au mtende. La hasha. Mnazi hutoa maua. Mtapo hauna ua hata moja. Ndugu zake ni misonobari na mitarakwa, yaani mimea inayozaa mbegu ndani ya koni. Mwanafunzi wa biolojia anayetaka kuielewa sura ile ya mimea isiyotoa maua hatapata mfano bora kuliko huu, kwa sababu koni ya mtapo ni kubwa kiasi cha kubebwa kwa mikono miwili.

Ukoo wa saikadi ni wa kale mno. Visukuku vilivyochimbwa ardhini vinaonyesha kuwa mimea ya namna hii ilikuwapo zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, kabla ya dinosari kutawala dunia. Hata hivyo, tusitie chumvi. Watu hupenda kusema kwamba mtapo uliouona Kwale ni ule ule uliotafunwa na dinosari. Uchunguzi uliofanywa miaka ya karibuni umeonyesha kuwa ukoo ndio wa kale, lakini aina tunazoziona leo zilijitenga katika kipindi cha miaka milioni 12 hivi iliyopita. Ni kama jina la babu ambalo limedumu katika familia ilhali wajukuu wana sura zao.

Mmea mmoja mmoja nao huishi miaka mingi. Katika bustani ya Kew, London, kuna saikadi kutoka Afrika Kusini iliyofikishwa huko mwaka wa 1775 na Francis Masson. Imo ndani ya chungu hadi leo. Katika muda huo wote imetoa koni mara moja tu, mwaka wa 1819. Kwa hivyo, msomaji, ukiwa mtu wa haraka, panda sukumawiki. Mtapo ni mmea wa kuachia watoto.

USIUZIWE MBUZI KWENYE GUNIA

Wauzaji wengi wa miche hawatofautishi saikadi ya kigeni na ya kienyeji. Wengine wanajua lakini hawasemi. Kabla ya kutoa pesa zako, fanya hivi.

Chukua kijani kimoja kati ya vile vingi vilivyopangwa pande mbili za jani, ukiinue juani. Ukiona mshipa mmoja tu katikati, huo ni wa ukoo wa Cycas. Ukiona mistari mingi membamba inayokwenda sambamba bila mshipa mkuu, huo ni Encephalartos. Pili, pitisha kidole ukingoni kwa uangalifu. Saikas wa Japani ana vijani vyembamba vilivyokunjika kingo na visivyo na meno. Mtapo wa Pwani una vijani vipana vyenye meno makali, na kadiri unavyoteremka kuelekea shinani vijani hivyo hupungua hadi vikawa miiba mitupu.

Jambo la tatu ndilo kubwa kuliko yote: tazama shina na mizizi. Mche uliooteshwa kitaluni huwa mdogo, umenyooka, na mizizi yake imejaa vizuri ndani ya karatasi au chungu. Mmea uliong'olewa msituni huwa na shina nene lenye makovu, mizizi iliyokatwa kwa panga na majani yaliyofyekwa yote ili uweze kusafirishwa. Ukiletewa langoni shina la mita moja lisilo na mizizi, na mwenye kuliuza hataki kusema limetoka wapi, jua kwamba unanunua mali ya wizi.

SHERIA INASEMAJE

Aina zote za Encephalartos zimo katika fungu la kwanza la mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, yaani CITES. Hilo ni fungu lile lile la kifaru. Kuvusha mpakani mmea uliotoka mwituni kwa ajili ya biashara ni marufuku, na hata ule uliooteshwa kitaluni huhitaji kibali. Hapa nchini, sheria ya wanyamapori ya mwaka wa 2013 na ile ya misitu ya mwaka wa 2016 zinakataza kuchukua mimea kutoka mbugani au msitu wa umma bila idhini. Ukiwa na swali, waulize maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, au wale wa misitu kabla ya kununua.

Huenda ukauliza, mmea mmoja tu utadhuru nini? Hebu tutazame yaliyotokea Afrika Kusini. Mwaka wa 1895, katika msitu wa oNgoye, John Medley Wood alikuta mtapo wa aina ambayo haikuwa imejulikana. Ulikuwa wa kiume. Watu wamemtafuta wa kike tangu siku hiyo na hawajampata. Mimea yote ya Encephalartos woodii iliyoko duniani leo ilitokana na machipukizi ya huyo dume mmoja. Haiwezi kuzaa mbegu ya aina yake. Ni bwana harusi asiye na bibi, na amengoja zaidi ya miaka 100.

Na wizi haukukoma. Mwaka wa 2014, wezi waliingia katika bustani ya Kirstenbosch, Cape Town, wakaiba mimea zaidi ya 20 ya aina nyingine iliyo adimu. Kama bustani ya taifa yenye walinzi huibwa hivyo, vilima vya Maungu vitalindwa na nani ikiwa sisi wa mjini ndio wateja?

Kwa bahati nzuri, dawa ya wizi ni kuotesha. Mtapo uliotokana na mbegu ya bustanini haupunguzi chochote msituni. Mtafute mtu mwenye mitapo ya kike na ya kiume katika boma lake, umwombe mbegu. Au nunua mche mdogo katika kitalu kinachoweza kukuonyesha mama yake.

KUOTESHA MBEGU

Koni ya kike ikikomaa hubomoka yenyewe na kumwaga mbegu zenye ganda laini la rangi nyekundu au ya machungwa. Vaa glavu. Loweka mbegu kwa siku mbili tatu, kisha uparue hilo ganda laini lote mpaka ubaki na kokwa safi. Ganda likiachwa, mbegu huchelewa kuota na huenda ikaoza.

Baada ya hapo zitie ndani ya ndoo ya maji. Zinazoelea, kwa kawaida, hazina kiini, zitupe mahali ambapo mtoto na mbwa hawawezi kufika. Zinazozama ndizo za kubaki nazo. Jaribio hili ni la jamii ya Encephalartos pekee. Mbegu za Cycas thouarsii, kama tulivyosema, zimeumbwa kuelea, nawe usizihukumu kwa maji.

Wengi hukosea hapa: mbegu ya Encephalartos inapoanguka huwa bado haijawa tayari. Kiini chake kingali kinakua. Zihifadhi mahali pakavu penye kivuli kwa muda wa miezi 6 hivi kabla ya kuzipanda. Anayezipanda siku hiyo hiyo hungoja mpaka akakata tamaa, akazifukua na kuzitupa.

Miezi hiyo ikiisha, jaza sanduku mchanga wa mto uliooshwa. Laza kila mbegu ubavu na uifukie nusu tu, mgongo ukionekana. Weka sanduku mahali penye joto. Nairobi, juu ya dari ya bafu au karibu na ukuta wa jikoni panafaa, ilhali Mombasa popote penye kivuli panatosha. Mwagilia mchanga uwe na unyevu bila kulowa chapachapa. Mzizi hutangulia kwenda chini, na jani la kwanza hufuata baada ya wiki kadhaa au hata miezi. Usiivute mbegu kutazama kama imeota.

Mzizi huo wa kwanza ni mrefu na mnene kama karoti. Unapouhamisha mche, tumia chungu chenye kina, si karai. Ukikunjika au kukatika, mche hudumaa.

Njia nyingine ni ya machipukizi. Baadhi ya mitapo mikubwa huzaa watoto pembeni mwa shina. Mwenye mmea akikukubalia, fukua udongo taratibu, kata chipukizi kwa kisu safi, kisha paka jivu kwenye majeraha yote mawili. Punguza majani. Lianike chipukizi kivulini kwa wiki moja au mbili hadi kidonda kikauke kabisa, ndipo ulipande katika mchanga. Ukilipanda likiwa bichi litaoza.

UDONGO NDIO MSINGI

Adui mkuu wa mtapo si jua wala ukame. Ni maji yaliyotuama. Msituni hupenda kuota mitelemkoni na kati ya mawe, mahali ambapo mvua ikinyesha maji hupita na kwenda zake.

Kwa wale wanaoishi Kiambu, Kikuyu, Kabete na kwingineko penye udongo mwekundu, kazi ni rahisi. Chimba shimo lenye upana mara mbili ya chungu, changanya udongo na mboji iliyooza vizuri pamoja na mchanga, panda.

Wenye shida ni ndugu zetu wa Embakasi, Syokimau, Kitengela na Athi River. Ule udongo mweusi hushika maji wakati wa mvua kama sufuria, na kiangazi hupasuka. Ukichimba shimo humo na kulijaza udongo mzuri, utakuwa umechimba kisima cha kuzamishia mmea wako. Badala yake, inua kitanda. Panga mawe duara, kimo cha magoti, ujaze mchanganyiko wa udongo mwekundu, mchanga wa mto, kokoto ndogo na mboji. Panda juu yake.

Unapopanda, hakikisha shina liko juu ya ardhi kwa kiasi kile kile lilivyokuwa ndani ya chungu. Kulizika shingo ni kulialika kuvu.

Kuhusu mahali, mtapo wa Pwani hupenda joto. Ukiwa Mombasa, Malindi au Voi, upande penye jua la asubuhi na kivuli chepesi cha mchana. Ukiwa Nairobi, tafuta ukuta unaotazama jua, kwa maana baridi ya Juni hadi Agosti huuchelewesha. Kisambo na ule wa Samburu, ambao kwao ni milimani, huvumilia hali ya hewa ya Nairobi vyema zaidi. Limuru na sehemu nyingine zenye umande wa barafu, ni heri kuuweka ndani ya chungu barazani.

Kumbuka pia kwamba mmea huu hupanuka. Leo ni mche wa majani matatu, lakini ukikomaa utahitaji nafasi ya mita 4 kutoka upande mmoja hadi mwingine. Usiupande kando ya njia ya watoto wanaokimbilia basi la shule. Ile miiba haina adabu.

MAJI, MBOLEA NA KISU

Mwaka wa kwanza, mwagilia mara moja kwa wiki wakati wa kiangazi, maji mengi kwa wakati mmoja, kisha uache udongo ukauke juu kabla ya kurudia. Mmea uliokwisha kushika mizizi hutosheka na mvua za masika na za vuli, pamoja na ndoo moja ya maji mara kwa mara Januari na Februari. Kwa familia za mjini ambako mfereji hutoa maji siku mbili kwa wiki, hiyo si faida ndogo. Maji yaliyosuuzia mboga yanatosha.

Mbolea nayo isizidi. Tandaza samadi iliyooza au mboji kuzunguka shina mara mbili kwa mwaka mvua inapoanza, lakini isiguse shina. Mtapo una kiwanda chake cha mbolea. Ukiona juu ya udongo vijizizi vinene vilivyojigawanya kama matumbawe ya baharini, usishtuke, na usivikate. Ndani yake wamo bakteria wanaonasa naitrojeni kutoka hewani na kuulisha mmea. Ndivyo unavyoweza kuishi juu ya mwamba wa Ololokwe.

Majani mapya hutoka yote kwa pamoja, kama taji. Huenda yakatoka mara moja tu kwa mwaka, na mwaka mwingine yasitoke kabisa. Wakati huo huwa laini na huvunjika upesi. Usiuhamishe mmea, usigeuze chungu, na usiuache ukose maji hadi majani yakomae. Majani ya kijani usiyakate eti mmea upendeze. Hayo ndiyo akiba yake. Kata yaliyokauka peke yake.

Jani la zamani likigeuka manjano na kufa polepole, huo ni uzee wa kawaida. Majani mapya yakitoka manjano yakiwa na mikunjo, huenda udongo umekosa madini fulani, hasa manganizi, au mizizi inaoza kwa maji. Punguza maji kwanza kabla ya kukimbilia duka la dawa.

Chunguza pia upande wa chini wa majani. Ukiona magamba madogo meupe au ya kahawia yaliyobandikana, hao ni wadudu wafyonzao. Wasugue kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, urudie kila wiki. Jani lililojaa likate ulichome. Aidha, unaponunua saikas wa kigeni, mtenge na wengine kwa mwezi mmoja, kwa maana kuna gamba jeupe lenye asili ya Asia lililosambazwa duniani kupitia biashara ya mimea hii, na limeua saikadi nyingi katika nchi lilikofika.

WEWE MPANGAJI

Najua wasomaji wetu wengi wanapanga. Hakuna mtu anayetaka kupanda mti wa miaka 100 katika ploti ya mwenye nyumba ambaye huenda akapandisha kodi mwezi ujao. Kwako wewe, chungu ndicho jawabu. Chagua kirefu kilichotobolewa chini, kiinue juu ya matofali mawili ili maji yapite, utie kokoto chini na mchanganyiko wenye mchanga mwingi juu. Badilisha chungu kila baada ya miaka mitatu au minne. Mtapo ndani ya chungu hukua polepole zaidi, nayo ni heri, kwani siku ya kuhama utaupakia kwenye pikapu pamoja na kabati. Kama ule wa Kew umeweza, wako utashindwaje?

SUMU: HAPA TUSIFANYE MZAHA

Mtapo ni sumu. Mbegu ndizo mbaya zaidi, lakini majani, mizizi na shina pia vina sumu inayodhuru ini. Mbwa hupenda kutafuna mbegu hizo, na mbegu moja au mbili zaweza kumuua. Mtoto mdogo huvutiwa na ile rangi nyekundu.

Labda umesikia kuwa wazee wa Pwani waliila wakati wa njaa. Ni kweli. Jina lenyewe Encephalartos limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya mkate ulio ndani ya kichwa, kwa sababu watu walitengeneza unga kutokana na moyo wa shina. Walakini, wazee walikuwa na ujuzi wa kukata, kukausha, kuloweka na kuvundika kwa siku nyingi hadi sumu ikatoka, na hawakufanya hivyo kwa kupenda bali kwa kukosa. Mwaka wa 1901, wakati wa vita vya Makaburu na Waingereza, Jenerali Jan Smuts na wapiganaji wake walikula mbegu za saikadi milimani kwa sababu ya njaa. Wengi wao waliugua vibaya, na nusura Smuts mwenyewe apoteze maisha. Asikudanganye mtu kwamba ni dawa au chakula cha asili. Usijaribu.

Ukiwa na watoto wadogo au mbwa, kata koni ya kike kabla haijabomoka, au izungushie wavu. Wafundishe watoto mapema. Mtoto akila mbegu, usingoje atapike ndipo uamini. Mkimbize hospitalini mara moja ukiwa na kipande cha mbegu mkononi ili daktari ajue. Mbwa naye apelekwe kwa daktari wa mifugo upesi.

DUME AU JIKE?

Mwisho, swali ambalo huulizwa sana: je, wangu ni dume au jike? Hutajua mpaka utoe koni, na hilo laweza kuchukua miaka 10, 15 au zaidi. Koni za kiume ni nyembamba. Za kike ni nene na nzito. Zinapokomaa, koni hupata joto na kutoa harufu inayowaita wadudu wa jamii ya fukusi, binamu za wale wanaotoboa mahindi ghalani. Hao ndio hubeba chavua kutoka kwa dume hadi kwa jike. Mjini hawapo, kwa hivyo mwenye jike na mwenye dume itawabidi washirikiane. Chavua hukung'utwa juu ya karatasi, kisha hupulizwa katika nyufa za koni ya kike siku zinapofunguka.

Kwa sababu hiyo, mtapo mmoja uliojitenga katika boma moja haujaokoa kitu. Mitapo kumi katika mtaa mmoja, ikiwa na wenyewe wanaojuana, yaweza kutoa mbegu za kutosha kila mtu anayetaka. Siku hiyo, anayepita langoni na shina lililokatwa kwa panga hatapata mnunuzi.

Kwa hivyo, wazazi, mtoto akizaliwa mwaka huu, pandeni mbegu. Atakapomaliza shule, huenda mmea ukawa ndio kwanza unaanza kutoa koni. Wanafunzi, chama chenu cha mazingira chaweza kuanza na sanduku moja la mchanga na mbegu tano. Andikeni tarehe ya kupanda ubavuni mwa sanduku, kwa maana mtakaporudi kuitazama mtakuwa mmesahau.

Juma lijalo tutashughulikia jambo la haraka zaidi: jinsi ya kukuza dania na mchicha katika magunia kwenye roshani. Hadi wakati huo, tuonane bustanini.